Cape Town na sheria ya mpira: kisa cha mji uliokataza kumwagilia bustani

Oktoba 2022 Dar tuko kwenye mgao wa maji, Ruvu imeshuka, bombani yakitoka leo hujui yatarudi lini, na mi nimeamka alfajiri na madumu yangu mawili natafuta boza maana simtanki la nyumbani limebaki matope chini. Napita kwenye geti moja namkuta kijana anaosha gari la bosi wake kwa mpira, maji yanateremka mpaka barabarani, na sisi wenye madumu tumesimama kama wanne hivi tunaangalia. Hakuna aliyefungua mdomo. Hasira zilikuwepo ila utamwambia nini, kisima chao, umeme wa kupampu wanalipa wenyewe, gari lao.

Hilo swali la utamwambia nini ndio lilinipeleka kwenye kisa cha Cape Town, Afrika Kusini, maana wale jamaa mwaka 2017 na 2018 walikuwa na jibu, limeandikwa kabisa, lina siku, lina saa na lina faini. Wengi wanaukumbuka ule mji kwa Day Zero tu, siku ya kufunga mabomba ambayo mwisho wa siku haikufika, lakini mi nataka kukaa kwenye ile sheria ya maji ya nje, ya bustani na magari na mabwawa ya kuogelea, ilivyopanda ngazi kwa ngazi, wapi ilishika na wapi ilitoboka.

Kwanza mji wenyewe. Una watu kama milioni 4, na tofauti na sehemu kubwa ya Afrika Kusini mvua zao zinanyesha wakati wa baridi, Mei mpaka Agosti hivi, alafu kiangazi kinakuja kikavu kweli na upepo juu. Yani ni kama mkulima wa korosho, hela inaingia msimu mmoja na inabidi ikufikishe msimu mwingine. Akiba yenyewe inakaa kwenye mabwawa makubwa 6, Theewaterskloof, Voëlvlei, Berg River, Wemmershoek na mawili ya Steenbras, yote kwa pamoja yanabeba kama mita za ujazo milioni 900 na Theewaterskloof peke yake ni zaidi ya nusu ya hizo. Visima na chemchemi mchango wake ulikuwa mdogo sana, karibu kila kitu kilikuwa kinategemea mvua iingie bwawani. Mwaka 2014 mabwawa yalijaa. Baridi ya 2015 mvua ikawa haba, 2016 tena haba, 2017 ikawa mbaya kuliko zote, na wanasayansi waliopiga hesabu baadaye walisema mabadiliko ya tabianchi yameufanya ukame wa namna ile uwe na uwezekano wa kutokea mara 3 hivi zaidi ya zamani.

Sasa kuna kitu kinachekesha kidogo hapa. Desemba 2015, wakati ukame umeshaanza, Cape Town ilipewa tuzo ya C40, ule umoja wa miji mikubwa ya dunia unaoshughulika na tabianchi, pale Paris kwa kazi nzuri ya kutunza maji. Na hawakupewa kwa kujuana, walikuwa wameziba mivujo, wamebadilisha mita, wamepunguza presha kwenye mabomba, miaka inaenda watu wanaongezeka na matumizi hayapandi. Tatizo ni kwamba ukishaziba bomba linalovuja huwezi kuliziba tena, siku ukame ukija kwa nguvu kilichobaki cha kupunguza ni mikono ya watu wenyewe.

Na mikono ya watu ilikuwa kwenye bustani. Februari 2015 mji ulikuwa unatumia kama lita bilioni 1.2 kwa siku, hicho ndio kilele cha kiangazi, wakati wa baridi matumizi yanashuka sana. Hiyo tofauti ya kiangazi na baridi haikuishia kwenye chai wala kwenye kuosha vyombo, mtu hali sahani mbili zaidi kwa sababu ni Februari. Ni nyasi, ni mabwawa ya kuogelea yanayofyonzwa na jua na upepo, ni magari. Kwaiyo ukitaka kupunguza haraka bila kumuumiza mtu kiu unaanza na mpira wa bustani, na ndivyo walivyofanya.

Ngazi ya 1 ilikuwepo miaka yote kama ukumbusho. Tarehe 1 Januari 2016 wakapanda ngazi ya 2, bustani unamwagilia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa moja tu kwa siku. Novemba 2016 ngazi ya 3, mpira marufuku na sprinkla marufuku, unamwagilia kwa ndoo au kopo la kumwagilia, ukitaka nyasi zako ziishi basi mgongo wako ndio ulipe. Februari 2017 ikaja 3B, siku zikabaki mbili, Jumanne na Jumamosi, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, na gari huoshi tena kwa maji ya bomba. Juni 2017 ngazi ya 4 na hapo mlango ukafungwa kabisa, maji ya bomba hayatoki nje ya nyumba, si kwa mpira wala kwa ndoo, bwawa la kuogelea hulijazi wala huliongezi, na ndani ya nyumba kila mtu apambane na lita 100 kwa siku. Mwezi uliofuata 100 ikawa 87. Tarehe 1 Februari 2018 ikawa 50, na hapo tayari ni ngazi ya 6B.

Ukisoma hizo ngazi haraka haraka unaweza kuona ni urasimu tu, Jumanne hii Jumamosi ile. Mi naona hapo ndipo kulikuwa na akili. Sheria ya siku na saa haihitaji mita. Askari wa mji akipita Jumatano akakuta sprinkla inazunguka, kesi imeisha, haulizwi mtu umetumia lita ngapi. Alafu hahitajiki hata askari, jirani anatosha. Maji ya nje ndio maji pekee ya nyumbani kwako ambayo mimi nayaona nikiwa barabarani, mpira unasikika, nyasi inaonekana, gari linaonekana, lakini ukikaa kwenye bafu lako dakika 20 na mlango umefunga mi ntajuaje. Ndio maana kile kipindi nyasi za kijani zikageuka ushahidi dhidi ya mwenye nyumba na gari chafu likawa kama beji, mtu anajisifu kabisa hajaliosha miezi.

Na mji wenyewe nadhani waliligundua hilo, maana walipotaka kubana maji ya ndani walichofanya ni kuyatoa nje ili yaonekane. Mwaka 2017 walitoa orodha ya mitaa yenye watumiaji 100 wakubwa, majina ya mitaa tu bila majina ya watu, na haikuwa siri kwamba ni mitaa ya wenye nazo. Januari 2018 wakaweka ramani ya mji mzima, nyumba inayotumia chini ya lita 6,000 kwa mwezi inapata nukta ya kijani, ukizidi hapo ila hujafika 10,500 unapata kijani cha aina nyingine, ukizidi hupati nukta. Watu walipiga kelele kwamba ni kuingilia faragha zao, wengine wakasema ni kuchochea majirani, mi naelewa malalamiko, ila wale wenye nukta ya kijani walikuwa wanatamba nayo. Na kwa wagumu kabisa kulikuwa na kifaa wanakufungia kwenye mita, kikifika lita 350 kwa siku kinakata mpaka kesho. Juu ya hapo faini za randi 5,000 mpaka 10,000.

Haya, kama sheria ilikuwa nzuri hivyo, ilikuwaje wakafika ukingoni? Kwa maoni yangu ngazi zilikuwa sahihi, kalenda ndio ilikosewa. Angalia mwaka 2016, ngazi ya 2 imekaa miezi 10, watu wanaendelea kumwagilia kwa mpira siku tatu kwa wiki, huku baridi ya pili inapita mikono mitupu. Kila mwaka matumaini yalikuwa baridi ijayo itarekebisha, na kusema ukweli kwa historia ya mvua zao hayakuwa matumaini ya kijinga, baridi tatu mbovu mfululizo ilikuwa ni kitu adimu sana. Ila sheria ya maji ukiichelewesha huna njia ya kuirudisha nyuma, yaliyomwagwa kwenye nyasi Januari 2016 huwezi kuyaomba radhi yarudi bwawani 2018.

Kingine ni kwamba mji haukuwa na mamlaka juu ya maji yote. Mgawo wa kila mtu kwenye mfumo ule wa mabwawa unapangwa na wizara ya maji ya serikali kuu, na kwenye mabwawa hayo hayo wakulima wa matunda na zabibu nao wana haki yao. Mji na jimbo vilikuwa chini ya chama cha DA, serikali kuu ANC, kwaiyo unaweza kukisia mivutano ilivyokuwa, nani alipe, nani atangaze, nani alaumiwe. Na ndani ya DA kwenyewe meya Patricia de Lille alikuwa kwenye ugomvi na chama chake, mpaka Januari 2018 akanyang'anywa usukani wa kushughulikia ukame, na kiongozi wa chama Mmusi Maimane akawa ndiye anayesimama mbele kutangaza habari za maji. Fikiria tu, mji unakaribia kukauka na wenye mji wanagombana nani ashike kipaza sauti.

Kabla hajanyang'anywa, tarehe 18 Januari 2018 de Lille alisimama akasema asilimia 60 ya wakazi bado wanazidisha lita 87 na kwamba wameshafika pasipo na kurudi. Hapo ndipo Day Zero ikawa habari ya dunia nzima. Mpango ulikuwa hivi, mabwawa yakishuka mpaka asilimia 13.5 mabomba ya majumbani yanafungwa, kila mtu anaenda kupanga foleni kwenye vituo kama 200 kuchukua lita 25 zake. Piga hesabu mwenyewe, watu milioni 4 kwa vituo 200 ni watu 20,000 kila kituo kila siku. Nani atabebea wazee, nani atasimamia foleni, jeshi na polisi walishatajwa. Kumbuka asilimia 10 ya mwisho ya bwawa ni tabu kuitoa, ni tope na takataka, kwaiyo 13.5 maana yake yamebaki machache mno ya kutumia.

Tarehe yenyewe ilikuwa inacheza. Katikati ya Januari ilikuwa 21 Aprili, ikasogea karibu zaidi 12 Aprili watu wakapata presha, alafu ikaanza kusogea mbali, 16 Aprili, 11 Mei, 4 Juni, 9 Julai, na mwezi wa tatu wakatangaza kwamba mvua zikija kawaida basi mwaka huo hakuna Day Zero. Wenye kupenda hadithi tamu wanasema watu wa Cape Town waliishinda kwa kuoga dakika mbili. Ni kweli walibana, kutoka ile bilioni 1.2 ya 2015 mpaka kama lita milioni 500 kwa siku mwanzoni mwa 2018, chini ya nusu, watu wanaoga wamesimama ndani ya beseni na maji yale yale ndio yanaflashi choo, hotelini vizibo vya mabafu vimeondolewa. Hii haijawahi kuwa kazi ndogo popote. Lakini kilichosukuma tarehe haraka vile kwenye Februari ni mashamba pia. Wakulima walikuwa wamekatwa maji kwa kiasi kikubwa na mgawo wao ukawa unaisha, kwaiyo uvutaji wao ukashuka, na hesabu ya mwanzo ilikuwa imeenda kama vile wataendelea kuvuta. Juu ya hapo chama cha wakulima wa Groenland, upande wa Elgin na Grabouw, waliachia lita kama bilioni 10 kutoka kwenye akiba yao zikaingia Steenbras. Yani mtu anayelima matufaa ndiye alimpa maji mtu wa mjini, na kwenye hadithi nyingi humsikii kabisa.

Sasa twende pale ilipotoboka, na hapa ndipo nikamkumbuka yule kijana wa geti.

Sheria ilisema maji ya bomba ya mji. Haikusema maji. Kwaiyo mwenye uwezo akaita watu wa kuchimba kisima, na kampuni za kuchimba zikawa na foleni ndefu kuliko ya chemchemi ya Newlands, pale watu walipokuwa wanapanga mstari kuchota maji ya bure. Mji ulitaka visima visajiliwe na mwenye nacho aweke kibao kinachoonekana kutoka barabarani kwamba hapa tunatumia maji ya kisima. Unaona kilichotokea? Ile sheria iliyokuwa inaishi kwa macho ya jirani ikapewa miwani ya giza. Nyasi zile zile za kijani, mpira ule ule, ila sasa kuna kibao getini na jirani hana la kusema. Kibao kikawa ruhusa. Baadae mji ukajaribu kukamata na visima, mwanzoni mwa 2018 kumwagilia kwa kisima nako kukabaki Jumanne na Jumamosi, saa moja, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 12 jioni, lakini kwa wakati huo mwenye kisima ameshatoka kwenye mfumo, mita ya mji haimuoni. Na maji ya chini ya ardhi si ya mwenye kiwanja kama nyanya za bustani yake, yanatembea, ukivuta wewe jirani anashuka.

Upande wa pili wa mji kuna Khayelitsha na makazi mengine ambako watu wanachota kwenye bomba moja la wote. Makazi yasiyo rasmi yote kwa pamoja yalikuwa yanakadiriwa kutumia kama asilimia 4 tu ya maji ya mji. Wale Day Zero haikuwatisha kwa kiasi kile, kupanga foleni na ndoo ndio asubuhi yao ya kila siku tangu zamani, walishangaa tu kwamba leo imekuwa janga. Vijana wanaoosha magari mtaani wakaambiwa watumie ndoo au dawa zisizotumia maji, hao nao ndio kula yao, hawana kibao cha kuning'iniza. Mwaka 2023 watafiti kwenye jarida la Nature Sustainability walipiga hesabu kwa kutumia modeli wakaona kwamba kaya za tabaka la juu na la kati juu, kama asilimia 14 ya watu wa mji, zinatumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani. Kaya ya juu kabisa lita 2,161 kwa siku, kaya ya kwenye makazi yasiyo rasmi lita 41. Na sehemu kubwa ya zile elfu mbili wanasema inaenda nje, bustani na bwawa la kuogelea na magari.

Ndio maana nasema kukataza mpira kwanza ilikuwa haki kabisa, ilimgonga aliyekuwa anatumia. Shida ni kwamba aliyekuwa anatumia ndiye huyo huyo mwenye hela ya kukwepa.

Na kukwepa kwake kukaja kudai hela kwa wengine. Mji unaishi kwa kuuza maji, mtumiaji mkubwa analipa bei ya juu na hiyo ndio inasaidia kumhudumia asiye na uwezo. Watu walipobana na wenye visima wakaondoka mapato yakaporomoka, wakati gharama za mabomba na wafanyakazi ziko pale pale. Julai 2017 walishaondoa zile lita 6,000 za bure kwa kila nyumba, zikabaki kwa kaya maskini zilizosajiliwa tu. Mwisho wa 2017 wakaja na wazo la tozo ya ukame kulingana na thamani ya nyumba, watu wakawaka, maoni ya kupinga yakamiminika kwa maelfu kwa maelfu, Januari 2018 ikafutwa. Julai 2018 wakapata njia nyingine, ada ya kila mwezi kulingana na upana wa bomba linaloingia nyumbani kwako, utumie usitumie. Hapo wananchi wakasema tumewasikiliza tumebana, na malipo yetu ni hii? Kwa upande wangu ile ada ina mantiki, mwenye kisima bado analitegemea bomba siku pampu ikifa, basi achangie. Ila kuileta mara tu baada ya watu kuoga kwenye beseni miezi yote ile, aliyepanga ratiba sijui alikuwa anafikiria nini.

Mvua zilikuja Juni 2018. Mwezi wa tano mabwawa yalikuwa kama asilimia 20, mpaka mwezi wa kumi yamepita 70. Oktoba wakashusha ngazi mpaka ya 5, mtu akapewa lita 70, Desemba ngazi ya 3 na lita 105. Mwaka 2020 yakajaa yakamwagika, na Novemba mwaka huo bei zikarudi zile za siku zisizo na vikwazo.

Ila kuna vipande vya ile sheria havikuondoka, viko kwenye kanuni za mji hata mabwawa yakiwa yamejaa. Kumwagilia ni asubuhi kabla ya saa 3 au jioni baada ya saa 12, na ukitumia mpira lazima mwishoni uwe na kile kidude cha kufungia, ukiachia mkono maji yanakata. Yule kijana wa 2022 mpira wake ulikuwa mtupu. Ameulaza chini unamwaga, yeye yuko upande wa pili wa gari anasugua rimu.